Goli Lilipoingia Nilikuwa Naanua Dagaa

Leo timu yetu imeshinda, na mimi nimepigwa marufuku uwanjani.

Ngoja niwaeleze.

Msimu huu sijakosa mechi hata moja, na tumefungwa na kila mtu. Tumefungwa hata na timu iliyokuja na wachezaji tisa. Mimi nipo tu jukwaani na kilemba changu cha kijani, sauti imekauka.

Leo zimebaki dakika tano, bila kwa bila, nikaona wingu zito limetanda ziwani. Na dagaa wangu nimewaanika Kibirizi, mchangani. Nikarukia bodaboda.

Nusu ya dagaa bado wako chini, simu ikaita. Tumefunga.

Na mvua yenyewe haikunyesha.

Jioni Mzee Rajabu, mwenyekiti wetu wa mashabiki, akaja bandani kwangu na wajumbe wawili. Nikajua wameniletea pole kwa kukosa goli. Akavua kofia kabisa.

"Mama Zuhura, tumekaa kikao. Tunakupenda sana. Ila tunakuomba, mechi zijazo ubaki hukuhuku na dagaa wako."

Yaani nuksi ni mimi. Siyo yule kipa anayedaka mpira kama kaokota kaa la moto.

Nimewajibu kwa adabu kwamba sawa, upande wao sikanyagi tena.

Jumamosi nakaa na mashabiki wa wapinzani. Jezi yao nimeshaiazima. Kama nuksi ninayo kweli, acha niipeleke inakohitajika.