Mayai Kumi ya Chebet

Harufu ya yai la kuchemsha, likimenywa kando ya barabara na kutiwa chumvi na kachumbari, hunirudisha Mai Mahiu nilipokuwa na miaka kumi na mitatu. Wenzangu garini husikia njaa. Mimi husikia aibu.

Mwalimu Nyokabi, aliyetufundisha kanisani, aliamini kwamba mtoto hafundishwi pesa kwa ubao. Akatuundia chama, watoto kumi. Sarafu alizikataa kabisa. Kila Jumamosi kila mtoto alitoa yai moja la kienyeji, na yote kumi yakaenda kwa mwenye zamu. "Yai ni pesa iliyovaa ganda," alizoea kutuambia. Wengi wetu tuliyauza. Kamau yeye alikaangiwa yote siku hiyohiyo, akamaliza utajiri wake kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na trei, kisha kuifikisha kanisani. Njiani palikuwa na kibanda cha Mama Shiru, aliyewachemshia mayai madereva wa malori. Madereva walipenda ya kienyeji, wakiamini yanatia nguvu ya kupanda mlima mpaka Limuru. Siku moja akaninong'oneza kwamba angechukua ya kienyeji na kunipa ya gredi, yale ya kuku wa kufungiwa wasiojua jogoo, idadi ileile, na mandazi mawili juu. Sikuona ubaya. Kumi ni kumi. Nikachagua madogo, nikayapaka tope kidogo, na moja nikaligandisha unyoya kwa mate. Kwa wiki saba hakuna aliyegundua.

Wiki ya mwisho ya mzunguko ilikuwa zamu ya Chebet. Kwao hapakuwa na kuku. Yai lake la kila wiki alilipata kwa kumchotea maji jirani yao, Nyanya Wanja. Alipopokea trei, Mwalimu alimuuliza atamuuzia nani.

"Hizi siuzi," Chebet akasema. "Naenda kuziatamisha. Disemba nitauza kuku ninunue sanduku ya bording."

"Na zikitoka zote jogoo?" Kamau akamchokoza.

"Hata jogoo inauzwa, wewe."

Watu wakacheka, Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikatazama viatu vyangu. 

Nyanya Wanja alimwazima kuku aliyekuwa anaatamia. Kwa siku ishirini na moja Chebet alimpelekea maji na mahindi yaliyopondwa, akamtandikia nyasi kavu na kumzibia upepo kwa gunia. Kila jioni aliniita nikaone. Siku ya kumi na tisa alitoa yai moja kwa uangalifu, lenye joto la kuku, akaliweka sikioni mwangu.

"Skiza. Kuna kitu inagonga."

Nikasikiliza. Palikuwa na kimya kama cha jiwe.

"Nimeskia," nikasema.

Siku ishirini na moja zikafika, zikapita. Siku ya ishirini na tano Nyanya Wanja alipasua la kwanza, kisha la pili. Maji tu, hata uzi wa damu hapana. Alipasua yote kumi, pamoja na lile ambalo Chebet alikuwa amelichotea maji, kwa maana hata hilo nililibadilisha. Kisha akamuuliza Chebet, bila ukali, kama aliyashika mikono ikiwa na sabuni. Chebet akajitazama viganja. Akasema labda.

Nilikuwa nimesimama pale, hatua mbili kutoka kwake.

Januari alienda shule ya kutwa, akawaambia watu kwamba bwenini kuna baridi. Chama kiliendelea, na zamu yake iliporudi, mayai hayakufika hata kwao. Aliyapeleka moja kwa moja kwa Mama Shiru, akayauza. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha kuyabadilisha. Yalikuwa ya kienyeji, yote.

Kwa miaka mingi nilijipa moyo kwamba kosa langu lilikuwa mandazi tu, kitu ambacho mtu mzima anaweza kukilipa asubuhi moja. Nilichelewa kuelewa. Katika chama kizima, Chebet peke yake ndiye aliyekuwa ameshika somo la Mwalimu, na mimi ndiye niliyemfundisha kwamba alikuwa amekosea.