Nyembe Alizozikataa Babu

Ukidonoa makali ya wembe wa kukunja kwa ukucha, unalia. Juzi nilikuwa sokoni Goma, nimeinamia lundo la vyuma vya chaguwa, maana sijawahi kupita penye mitumba bila kuinama, muuzaji akadonoa wembe mmoja mkuukuu ili anivutie. Ukatoa mlio mwembamba, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajikuta nimerudi Kibabi, kijijini kwetu, nimekaa chini kando ya kiti cha Babu, namtazama akikataa wembe mwingine tena.

Babu, baba yake baba yangu, alikuwa amenyoa watu tangu ujana wake, na wembe wake ulipotea njiani tulipokimbia vita kwenda Kashuga. Tuliporudi nyumbani, Nyanya akafariki. Kwetu mwanamume aliyefiwa na mke hakati ndevu mpaka siku ya kuondoa matanga, na nyumba yenye matanga haiozeshi binti. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Shangazi yangu, Tantine Furaha, kitinda mimba wa Babu, alikuwa na mchumba, na mbuzi wa mahari walikuwa tayari huko kwao wakila mihogo ya majirani. Wakwe walikuwa wapole, lakini hata upole huchoka. Tulianza kusikia kwamba wanaulizia binti wa nyumba nyingine.

Wazee wa ukoo walikwisha kusema matanga yaondolewe. Kilichobaki ni Babu kunyolewa. Viwembe vya dukani hakutaka hata kuvigusa. Hivyo, alisema, ni vya kukatia kucha. Basi kila siku ya soko Tantine alikwenda kwenye chaguwa akarudi na wembe wa kukunja, na muuzaji, Mungu ambariki, alikubali kumbadilishia kila ulipokataliwa.

Macho ya Babu yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alipima kwa vidole. Alianza na upana. Aliulaza wembe juu ya kidole chake cha kati: ukipungua kidole, ni wa masharubu; ukizidi, ni wa kichwa. Kisha aliubana kati ya vidole viwili, akavishusha taratibu kutoka mgongoni, akavisimamisha kabla ya makali. Vidole vikikaribiana polepole, wembe ulikuwa umeshiba, mnene kama kabari. Vikizama ghafla, ulikuwa umechimbwa pande zote mbili, tumbo limeingia ndani kama la mbwa wa mwindaji. Mwisho aliudonoa na kusikiliza. Wembe wenye njaa huimba, alitufundisha, ulioshiba hunung'unika.

“Hii iko na njaa sana,” alisema juu ya ule wa kwanza. “Itaimba tu. Ndevu yangu itaishinda.”

Soko lililofuata Tantine akaleta mnene. “Hii nayo imeshiba mubaya. Iko ya kichwa ya muntu, haiko ya shavu.”

Uliofuata ulizidi kidole. Sisi watoto tulicheka, na Mama akasema chinichini kwamba mchagua jembe si mkulima. Mimi nilipenda sana mchezo ule. Nikawa napima kila wembe kabla haujamfikia Babu, na sikukosea mara nyingi.

Ndiyo maana nilijua, siku Tantine alipoleta ule wa mwisho, kwamba kazi imekwisha. Upana, kidole kamili. Tumbo limeingia kidogo tu, na mlio wake ulikuwa wa katikati. Babu akapima, akarudia tangu mwanzo, akaudonoa tena. Kisha akaushika mpini.

“Mupini yake iko baridi,” akasema.

Hakuna aliyecheka. Tantine aliuchukua wembe, akaukunja, akakaa chini mbele yake.

“Sawa, Papa. Nitaurudisha. Nitabakia na wewe hapa. Wale bantu nitawatumia habari watafute mutoto mwingine.”

Hakuwa na hasira, na machozi aliyaficha vizuri. Babu alinyoosha mkono, akampapasa uso mpaka akayapata.

“Lete maji ya moto, Furaha,” akasema.

Tantine alimnyoa uani, jua likiwaka. Chini ya ndevu mlikuwa na uso mdogo ambao hatukuujua. Babu akajishika shavu, akasema, “Sasa njo ameenda kabisa.” Nilidhani uzee unamchanganya, maana Nyanya tulikuwa tumemzika zamani. Tantine aliolewa baada ya mavuno ya maharage, na mimi nilikula nyama mpaka nikaumwa.

Miaka mingi baadaye nilifiwa na mume wangu. Siku ya kuvua nguo nyeusi ilipokaribia, kitenge nilichoshonewa nilikirudisha kwa fundi tena na tena: bega linabana, pindo limekwenda upande, kola imekaa vibaya. Binti yangu alichoka nami. Asubuhi moja nilikivaa nikiwa peke yangu, nikajitazama katika kioo. Kilikuwa kimenikaa vizuri, na kilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Nikakaa kitandani nikalia, nikamlilia Babu kuliko nilivyomlilia siku tuliyomzika.