Sauti Iliyokuwa Sehemu ya C

Fundi aliponiuliza kama apige window, nilipaswa kukataa. Ningemwambia atengeneze taratibu, kompyuta ingebaki kwake hadi kesho yake jioni, misa ya kutimiza mwaka tangu mke wangu afariki ingepita bila kompyuta, na mambo yangekwenda. Nilimwambia apige.

Kwetu Bariadi kompyuta ikigoma, hilo ndilo neno la kwanza la kila mtu. Kupiga window ni kufuta mfumo wote wa kompyuta na kuweka mwingine mpya. Ikiwa nzito, piga window. Ikiwa na virusi, piga window. Hata mtu ambaye hajawahi kushika kipanya atakushauri hivyo bila kusita, kama anavyokushauri kuogesha ng'ombe dawa ya kupe.

Kompyuta yenyewe niliinunua nilipoacha ukarani wa pamba. Mke wangu hakuipenda. Aliiita televisheni isiyo na taarifa ya habari. Lakini alipougua, akawa hawezi tena kufika shambani kwetu Sapiwi, siku moja aliniomba nimwoneshe jinsi ya kurekodi sauti. Nilimfungulia programu, nikamwonesha pa kubonyeza kuanza na pa kubonyeza kumaliza. Kisha akaniambia, "Sasa toka nje."

Nilikaa barazani. Nilimsikia akiongea Kisukuma, polepole, akinyamaza, akikohoa, akiendelea. Maneno yenyewe sikuyasikia. Aliponiita ndani alitaka faili liitwe "Ya mwanangu," nami nikaliweka juu ya uso wa kompyuta, ile picha ya kwanza inayotokea ukiwasha, ili lisipotee. Mwana ni mmoja, binti yetu, anayefanya kazi Dodoma.

Baada ya maziko binti hakutaka kulisikiliza. Nilimwambia nitalituma kwa simu, akakataa. Alisema atalisikiliza nyumbani, siku ya kutimiza mwaka, ameketi kwenye kiti cha mayu, kama tunavyomwita mama Kisukuma. Nadhani aliogopa kulia peke yake mjini.

Wiki ya misa ilipofika niliwasha kompyuta nihakikishe iko sawa. Ikaanza kujisasisha, ikaandika nisiizime. Sikuizima. Umeme ulikatika wenyewe. Uliporudi, kompyuta ilionesha uso wa bluu na maandishi meupe, ikajizima, ikajiwasha, ikarudia uso ule ule.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuwa amefika siku hiyo kutoka Nassa na gari lake, kaleta samaki wa shughuli. Tukaipakia kompyuta tukaenda kwa fundi mmoja karibu na stendi. Fundi aliiwasha kwa flashi yake, akaandika amri ya kukagua mafaili ya mfumo. Asilimia zikapanda kwa uvivu, zikasimama, zikapanda tena. Mwishowe ikaandika kuwa mafaili kadhaa yameharibika na mengine imeshindwa kuyatengeneza. Fundi alisema dawa ipo. Atapakua mafaili mazima ya toleo lile lile, ayarudishe mahali pa yale mabovu, bila kugusa kitu changu chochote. Ila mtandao ulikuwa wa kusuasua, kwa hiyo nimwachie hadi kesho jioni.

Kesho ndiyo ilikuwa siku ya misa. Shemeji alicheka.

"Kesho jioni watu watakuwa wameshakula ng'ombe na kusambaa. Si upige window tu, tuondoke?"

Fundi akanigeukia mimi. "Mzee, nikipiga window, sehemu ya C yote inafutika. Vitu vyako viko D?"

Hapo ndipo nilipokosea. Sikujua. Nilijua kuna C na kuna D, nilijua picha zetu za harusi ziko D kwa sababu binti aliziweka mwenyewe. Kwamba vilivyo juu ya uso wa kompyuta vinakaa C, sikujua. Nilidhani ule uso ni mahali pake peke yake, kama meza ya sebuleni, ambayo haiguswi ukibomoa jiko. Nilifungua mdomo niulize, shemeji akaniwahi.

"Huyu ngosha, mwanamume mzima, kasoma sekondari, alikuwa karani. Unamuuliza mambo ya chekechea?"

Ulikuwa utani wa shemeji kwa shemeji, hata fundi alitabasamu. Nami nikaona aibu kuuliza.

"Viko D," nikasema. "Piga."

Tulirudi nyumbani kabla jua halijazama. Sikuiwasha. Niliiweka mezani, nikaifunika kitambaa cha mke wangu, nikaenda kuona maturubai yanavyofungwa.

Kesho yake, baada ya misa, binti, aliyefika kutoka Dodoma na mimba yake ya kwanza, aliketi kwenye kiti cha mama yake, akaitoa kitambaa, akaiwasha. Juu ya uso mpya palikuwa na alama ya pipa la taka tu.

"Baba, ya mayu iko wapi?"

Nilimwambia aangalie D. Akaangalia. Akapekua kote.

"Wewe uliisikiliza?"

"Hapana."

"Hata mwanzo tu?"

"Alinitoa nje."

Wageni walikuwa wamegeuka kutuangalia, sahani mikononi. Nikasema fundi ameniharibia. Nilisema kwa sauti, wote wasikie. Binti aliinuka. Aliibeba kompyuta akaenda kwa fundi mwenyewe, na fundi alimweleza alichoniuliza na nilichojibu. Alijaribu programu ya kurudisha vilivyofutwa. Faili lilirudi na jina lake kamili, "Ya mwanangu." Walipolifungua halikuwa na sauti. Mfumo mpya ulikuwa umeandikwa juu yake.

Binti aliporudi hakupiga kelele. Aliniambia angenisamehe kutojua. Ila kumsingizia mtu wa watu mbele ya kiti cha mayu, hilo hajui aliweke wapi. Akapanda gari la asubuhi.

Shemeji bado huja na samaki, nami humpokea. Hakusema uongo, aliutania tu usomi wangu, na uongo nikausema mimi. Nimejifunza baadaye amri ile ya kukagua mafaili. Naijua kwa kichwa. Lakini kompyuta sasa ni nzima, haina cha kukaguliwa.

Mtoto alizaliwa, akapewa jina la upande wa baba yake, kwa kuwa hakuna aliyejua bibi alitaka aitwe nani, kama alilisema katika faili lile. Sijamwona. Binti hunipigia simu sikukuu, hunisalimia, huuliza afya, hukata.

Kwa kusema "piga," nilifuta maneno ya mwisho ya mke wangu kwa mtoto wake. Na mtoto wake hajakanyaga tena nyumbani kwangu.