Shingo ya Chapuchapu

Wateja walimwita Chapuchapu kwa sababu kichwa ambacho wasusi wengine walikimaliza kwa saa tano, yeye alikimaliza kwa tatu, mdomo ukishindana na vidole. Kidonda cha ulimi kilipokataa kupona, wateja ndio waliogundua kwanza: maneno yalikuwa yamepungua.

Ilikuwa saratani, bado changa. Daktari aliukata uvimbe, ulimi ukapona. Kisha akamwita tena, akampapasa shingo.

"Picha haionyeshi kitu kwenye tezi," alisema. "Lakini uvimbe ulikuwa umezama kiasi. Katika watu watano kama wewe, mmoja huwa na mbegu za saratani zilizojificha humu. Tunaweza kuzitoa tezi sasa, au tukuchunguze kila mwezi, tupasue zikijitokeza."

"Nikipasuliwa, nitasuka?"

"Mshipa wa fahamu wa bega unapita humo, kwa hiyo bega linaweza kulegea. Wengi hurudi sawa, si wote. Na tukingoja ugonjwa ujitokeze, kuutibu kutakuwa kugumu zaidi."

Alichagua kungoja. "Mkono huu ndio unaonilisha," alimwambia mumewe, fundi saa.

Lakini kungoja kulimshinda. Alijipapasa shingo kabla ya kupiga mswaki na baada yake. Saluni alisuka mistari miwili, akaacha, akasimama kiooni.

"Shoga," mteja mmoja alimwambia, "upande huu umenisuka kwenda mbele, huu kwenda nyuma."

Alifumua, akaanza upya. Wiki ya tatu aligusa kivimbe chini ya taya, akakimbilia hospitali, kitana bado kimechomekwa nyweleni mwake. Daktari alimshika kidole, akakipeleka upande wa pili: huko nako kivimbe kilikuwepo. Tezi ya mate tu, kila mtu anayo.

Jioni hiyo mumewe aliweka koleo chini. "Mke wangu, unailinda shingo kama mlinzi wa benki. Utapumzika lini?"

"Ndilo ninalojiuliza."

Asubuhi alirudi kwa daktari. "Zitoe."

Tezi ishirini na nane zilitolewa. Majibu yakaja: zote safi.

"Basi umepasuliwa bure," dada yake alisema.

Kwa miezi mitano mkono wa kulia haukuvuka sikio. Kuzoeza bega, alitambaza vidole ukutani kwenda juu kila asubuhi, akisaga meno, na wateja akawakalisha kwenye kigoda kifupi. Sasa kichwa anakimaliza kwa saa nne na nusu, na wanaomtania anawajibu.

Kila baada ya miezi mitatu huenda kuchunguzwa ulimi na shingo. Siku moja kabla, hufagia saluni mara tatu, hata kama hakuna aliyekata nywele.