Siku Niliyotoa Betri za Redio

Wasichana wa dahalia yetu walianza kupiga makelele wiki tatu kabla ya mitihani. Dahalia ndivyo tunavyoliita bweni sisi watu wa Unguja, na yetu ilikuwa jumba kongwe la Mji Mkongwe, lenye ngazi za mbao zilizolika katikati. Alianguka mmoja darasani, akafuata wa pili, na ilipofika Ijumaa walikuwa wanane, wanabebwa mikono na miguu kuteremshwa chini. Wazazi walisema ni mashetani. Mkuu wa chuo alisema ni woga wa mtihani. Kwa kuwa hakutaka kugombana na mtu, alileta dawa zote mbili. Alhamisi kilisomwa kisomo, nyumba nzima ikafukizwa ubani mpaka tukakohoa, na Jumatatu ikaanza semina.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami nilikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu. Semina za kilimo, za usafi na za uzazi wa majira tulizijua. Semina ya kufundishwa namna ya kuhema na kuusikiliza moyo wako ilikuwa mpya, na mimi nilicheka kuliko wote. Mdomo wangu haujapata kukaa kimya tangu utotoni.

"Kuhema nshajua tangu siku nliyozaliwa," nilimwambia mwenzangu wa chumba. "Wanipe cheti changu tu nende zangu."

"Wewe shoga, siku moja mdomo huo utakuponza," alinijibu, na akaendelea kukunja nguo zake.

Mwenzangu huyo alitoka Matemwe. Baba yake alikufa zamani, na mama yake alilima mwani, kazi ya kusimama ndani ya maji bahari inapokupwa, ukifunga vijiti na kamba huku chumvi inakula nyayo. Tulikuwa tumelala chumba kimoja miaka miwili. Alikuwa mtu wa maneno machache, nami wa maneno mengi, kwa hiyo hatukuwahi kugombania zamu ya kusema. Idi moja nilikwenda kwao, mama yake akanikalisha kwenye mkeka na kunilisha mpaka nikashindwa kuinuka. Tangu siku hiyo aliniita mwanangu.

Mshauri aliyeendesha semina alikuwa bibi wa makamo mwenye sauti ya chini. Kila asubuhi, muda wote wa mitihani, tulikaa naye kwa muda wa saa moja ukumbini. Alitufundisha kuvuta pumzi tukihesabu mpaka nne, kuizuia, kisha kuitoa polepole. Siku ya kwanza alituuliza mmoja mmoja hali zetu, na sote tukajibu hatujambo, tunamshukuru Mungu, hata wale waliobebwa mikono na miguu wiki iliyopita. Alicheka kidogo. Alisema hajapata kuona watu wazima wa afya kama sisi.

Siku ya mtihani wa mwisho, saa mbili asubuhi, niliitwa chini kwamba nina mgeni. Nilimkuta kaka yake mwenzangu amesimama mlangoni, ndani ya kivuli, na chini ya kwapa amebana furushi la bafta nyeupe. Nilimwamkia, akaniitikia. Nikaiangalia ile bafta na nikajua kabla hajasema.

"Mama hatunaye," alisema. "Alfajiri hii. Nlikuja mjini kutafuta sanda. Tunazika baada ya alasiri."

Nilimpa pole, nikageuka nimkimbilie mwenzangu juu. Akanishika mkono.

"Usimwambie."

Nilidhani sikumsikia.

"Ana mtihani saa nane, si ndiyo? Nikimwambia saa hizi ataacha kila kitu, na akikosa karatasi hii atarudia mwaka. Mama miguu yake imeharibika kwa ajili ya huyu asome. Mwache amalize. Akishamaliza, mlete wewe. Mwambie mama hawezi, basi. Mengine atayaona mwenyewe."

Sitaki mtu amlaumu kaka yule. Kwetu habari ya kifo hailetwi mara moja. Kwanza unaambiwa mtu hawezi, yaani mgonjwa, njiani unaambiwa kazidiwa, na ukifika ukaona mikeka imetandikwa nje na wanaume wamekaa, huambiwi tena. Hasa ukiwa na mtihani. Nimeona watu wenye akili zao, tena wacha Mungu, wakifanya hivyo, na walioficha wakashukuriwa. Nilimwambia sawa. Na kwa kuwa nimeamua kuandika haya, niseme na hili: nilijisikia mtu mkubwa. Kati ya wasichana wote wa dahalia, mimi ndiye niliyeaminiwa siri.

Nilipopanda juu nilimkuta anafunga mtandio wake. Aliniuliza mgeni nani, nikamwambia jamaa wa Bububu, kaleta salamu za nyumbani. Tukateremka pamoja kwenda ukumbini.

Asubuhi ile mshauri alitugawa wawili wawili. Kila mmoja amwambie mwenziwe jambo moja linalomlemea, na anayesikiliza asiseme kitu. Asiseme pole, asiseme subiri, asimtajie Mungu. Amwangalie tu usoni na asikilize. Tulinung'unika, kwa sababu kwetu kumwacha mtu aseme shida yake bila kumpoza ni ukosefu wa adabu. Mimi sikunung'unika. Kanuni ile ilinifaa kuliko mtu yeyote ukumbini.

"Nnafikiri miguu ya mama," mwenzangu alianza.

Aliendelea akiangalia mikono yake.

"Nlipokwenda mara ya mwisho aliniambia nimsugue. Imepasuka, inamuuma, hata kuvaa ndara hawezi. Nami nlikuwa nasoma. Nkamwambia kesho, mama. Kesho yake asubuhi nkapanda gari nkarudi chuo. Hakusema kitu. Lakini nlimwona keshakaa tayari kwenye kitanda, kainyoosha, akidhani nakuja kumsugua kabla sijaondoka. Nshanunua mafuta ya mkaratusi. Leo jioni nikimaliza nnakwenda, na nitamsugua mpaka alale."

Nilimwangalia usoni na kusikiliza, kama tulivyofundishwa. Mshauri alipita nyuma yetu, akanigusa bega na kuniambia vizuri, hivyo hivyo. Nilihesabu kichwani: saa tatu na robo. Gari ya shamba ya saa nne, ya kwenda Matemwe, angeipata. Saa sita angekuwa kwao, na maiti bado yuko ndani. Haya niliyajua wakati ule ule, sikuyafikiria baadaye. Niliyajua nikiwa nimekaa mbele yake, magoti yetu yanagusana.

Zamu yangu ilipofika nilimwambia naogopa hesabu.

Saa saba kasoro kidogo tulikuwa kwenye chumba cha kulia. Juu ya kabati palikuwa na redio ya dahalia, na wakati wa chakula cha mchana ndipo zinaposomwa habari za vifo. Unguja nzima hunyamaza wakati huo. Mtu huacha tonge mkononi kusikiliza nani kafa, wa mtaa gani, ndugu zake kina nani na maziko saa ngapi. Nilikuwa nimeshika sahani yangu nilipokumbuka hilo. Niliiweka sahani, nikaiteremsha redio kama mtu anayetafuta stesheni, nikaufungua mfuniko wa nyuma na kuzitoa betri zote nne. Nikazitia mfukoni mwa sketi.

"Imekuwaje?" mmoja aliuliza.

"Betri zimekwisha," nilisema.

Katika yote niliyoyafanya siku ile, hili ndilo linaloniamsha usiku. Kunyamaza naweza kusema niliombwa. Betri hakuniomba mtu.

Saa nane kasorobo nilimkuta mwenzangu amesimama kwenye ngazi peke yake, macho kafumba, anahesabu pumzi. Aliponisikia alifumbua macho akatabasamu. "Inasaidia kweli, shoga," aliniambia. "Wewe cheka tu." Nilifungua mdomo nimwambie. Mdomo wangu ule uliojaa maneno ya kila siku ulifunguka ukafungwa, kengele ikalia, tukaingia.

Nilikaa safu ya nyuma yake. Aliandika kwa saa mbili bila kuinua kichwa, akaomba karatasi ya ziada. Mimi sikumbuki nilijibu nini. Kila nilipojisogeza betri ziligongana mfukoni, na kila zikigongana niliangalia saa ya ukutani. Ilipofika saa tisa na nusu nilisema moyoni, sasa wanamkafini. Saa kumi msimamizi alituambia tuweke kalamu chini.

Nilimpa habari tukiwa tunatoka, kama nilivyoagizwa. Kaka yako alikuja, anasema mama hawezi, twende nikusindikize. Aliniuliza alikuja lini. Nikasema asubuhi.

"Na hukuniambia kwa sababu ya mtihani?"

"Ndiyo."

"Umefanya vizuri," alisema. "Ningeshindwa kuandika." Akanishika mkono na kunishukuru, akapanda chumbani mbio kuchukua chupa yake ya mafuta.

Tulifika Matemwe jua limeshazama. Njia nzima alikuwa ameipakata ile chupa mapajani, na mara mbili aliniuliza kama naona mkaratusi unafaa kwa miguu iliyopasuka, nami nikamjibu unafaa. Tulipokata kona ya nyumba yao aliona mikeka. Aliona wanaume wamekaa kimya, na kaka yake miongoni mwao ana udongo kwenye kanzu. Hakupiga kelele. Aliingia ndani kwa wanawake, waliomfungulia mikono, na kabla hajamkumbatia hata mmoja aliuliza swali moja.

"Nani aliyemwosha?"

Walimwambia. Mke wa kaka yake na majirani wawili.

Kwetu mwanamke hendi makaburini, kwa hiyo maziko hayakuwa yake hata angekuwepo. Lililo lake ni lile la ndani. Mama akifa, mwanawe wa kike ndiye wa kwanza kuitwa amwoshe. Anammwagia maji, anamwona uso mara ya mwisho, anamsitiri. Hiyo ndiyo kwaheri tuliyopewa wanawake, na haina siku ya pili. Kaka yake alifikiria mtihani, nami nilifikiria mtihani, na hakuna kati yetu aliyefikiria maji.

Aligeuka akaniangalia. Nilikuwa bado nimesimama mlangoni.

"Wewe ulijua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Kabla ya semina."

"Kabla ya semina."

Hakuniambia neno jingine usiku ule wala siku tatu za matanga. Niliondoka sikuagwa. Alifaulu, na karatasi ile alitupita sote. Hakurudi dahalia. Kaka yake alikuja kuchukua sanduku lake. Nilimwandikia barua nne au tano, sikupata jibu, nikaacha. Betri nilizirudisha kwenye redio, na zilidumu mpaka chuo kilipofungwa.

Miaka ilipita na mimi nikawa mkufunzi, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyetaka, nikapewa hizo semina. Wanachuo wananicheka kama nilivyocheka mimi, na siwakasirikii. Nawafundisha kuvuta pumzi. Zoezi la wawili wawili silifanyi. Mara mbili wamenijia jamaa wa wanafunzi na ombi lile lile, na mara zote mbili nimewashika mkono nikawapeleka kwa mtoto wao, waseme wenyewe, saa ile ile. Mmoja wa wasichana hao aliacha mtihani akarudia mwaka. Baba yake mpaka leo haitikii salamu yangu.

Kisha mama yangu akafa, nyumbani kwetu Bububu, siku ya Jumapili asubuhi. Nilikuwepo. Hakuna aliyenificha kitu. Tangazo lilitoka redioni mapema na nyumba ikajaa watu. Maji ya mkunazi ya kumwoshea yakawekwa tayari, kitanda kikatandikwa chumba cha ndani, shangazi zangu wakaniita. Sikuweza kuingia. Nilisimama uani nimeegemea pipa la maji, mimi mwalimu wa pumzi, na pumzi sina. Waliniita mara ya pili, kisha nikasikia mmoja akisema basi mwacheni, tuanze sisi.

Wakati huo aliingia mwanamke kwa mlango wa uani, ameshapandisha mikono ya buibui mpaka kwenye viwiko. Ni yule mwenzangu wa Matemwe, amenenepa kidogo. Sikuwa nimemwona zaidi ya miaka kumi. Nilikuwa nimesikia kwa watu kwamba huko kwao yeye ndiye anayeitwa akifa mwanamke, nyumba yoyote, na kwamba haoshi mpaka aulize kwanza binti wa maiti yuko wapi.

"Nimesikia redioni," aliniambia. "Wameshaanza?"

"Bado."

Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yale kwa miaka, na nilianza la kwanza. Hakuningoja nimalize. Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, akaniingiza chumbani, akatia kata ya maji mkononi mwangu.

"Mwagia. Kuliani kwanza. Polepole."

Nikamwagia mama yangu maji. Yeye alinielekeza kwa sauti ya chini, huku na huku, geuza, sitiri hapo, ongeza, na mikono yangu ikafuata. Nilimwona mama uso. Tulipofika chini, shangazi yangu mmoja, mtu wa haraka, aliinama kumalizia. Mwenzangu aliuzuia mkono wake.

"Miguu mwachieni mwanawe," alisema.

Nikapiga magoti nikaiosha miguu ya mama, kidole kwa kidole, na yeye akinimiminia maji.