Hotuba Niliyoizima Mwenyewe huko Muaither

Nilikwenda Doha kuomba msamaha, ingawa kwenye fomu ya viza niliandika kwamba naenda kumtembelea dada. Dada huyo ni Naliaka, mdogo wangu, nesi, aliyekuwa amefanya kazi huko miaka sita. Mama yetu alipofariki, Naliaka hakuja kumzika. Nami ndiye Mwalimu Wekesa, emsii wa harusi na matanga, mtu asiyenyimwa kipaza sauti popote Bungoma. Nilisimama kando ya kaburi nikasema, "Wengine wetu wametuma machozi kwa simu." Watu wakacheka. Mmoja akarekodi video, na Naliaka akaiona. Mwaka mmoja na nusu hatukuongea, hadi siku aliponipigia akasema tu, "Kuja." Nilijua ninachotakiwa kusema. Lakini mimi ninayeweza kuhutubia harusi saa mbili bila kunywa maji, neno hilo moja lilikuwa limenishinda.

Kutoka Bungoma hadi Nairobi nilimaliza siku nzima. Kutoka Nairobi hadi Doha ni saa tano tu, na zote nilizitumia kuandika sentensi ya kwanza ya msamaha nyuma ya mfuko wa karatasi ambao ndege huwapa wanaotapika. Tulipotua, Naliaka alikuwa akinisubiri, amenenepa kidogo, amependeza.

"Karibu, Mwalimu," akasema, kwa sauti ambayo wanafunzi humkaribisha nayo mkaguzi wa shule. Nikaurudisha mfuko mfukoni.

Alikaa Al Thumama, karibu na uwanja wa ndege, katika fleti iliyokodiwa na kliniki yake. Huko ndiko tulikoanza kugombana, na heri tulipata cha kugombania. Kwangu stima hununuliwa kwa tokeni, na mtu wa tokeni hatoki chumbani akiacha taa inawaka. Nikazima ya jikoni, nikazima ya sebule, nikazima AC.

"Kaka! Utatuua na joto!"

"Tokeni itaisha."

"Hapa hakuna tokeni! Bill ni ya kliniki!"

"Hata ya kliniki ni stima," nikasema, nikaizima ya bafuni.

Siku ya tatu tulikwenda Najma kununua maharagwe na unga wa ugali, kwenye vile viduka vilivyobanana. Siku ya tano tulitembea ufukweni tukihesabu winchi za ujenzi. Kila siku niliomba msamaha: kwa kukoroma, kwa kuunguza sufuria, kwa kulowesha mkeka. Lile lenyewe sikuligusa, na Naliaka alinitazama kama anayesubiri basi ambalo dereva wake anamjua.

Alhamisi ya pili akaniambia, "Kesho jioni utaongea mahali."

Alikuwa na marafiki Wayahudi, wapatao kumi na watano, walimu wa chuo na wahandisi kutoka nchi mbalimbali. Walikutana kimyakimya nyumbani kwa mwenzao mmoja, Miriamu. Kila Ijumaa ya pili, baada ya chakula cha Sabato, walimkaribisha mgeni awaeleze jambo analolijua vizuri. Walishawahi kumsikiliza mwoka mikate Mfilipino na daktari wa vipanga, wale ndege ambao Waarabu huwindia.

"Wanataka nini kwangu?"

"Matanga. Vile watu wa kwetu wanakaa matanga."

Sikulala mapema. Niliandika karatasi kumi na mbili, pande zote mbili, na ukurasa mzima wa kwanza ulikuwa wa kuwatambua waheshimiwa.

Ijumaa saa kumi jioni Otieno alitupitia. Ni dereva kutoka Kisumu anayekaa Najma, na ndiye aliyempeleka Naliaka huko kila Ijumaa ya mkutano.

"Mwalimu, hao wasee wanauliza maswali, manze," akaniambia njiani. "Yule daktari wa vipanga alitoka huko amelowa jasho, na AC ilikuwa on."

"Bungoma hakuna aliyewahi kunikatiza," nikamjibu.

"Huku si Bungoma," akasema Otieno, akakata kona kuingia Muaither, alikokaa Miriamu.

Jua lilipozama Miriamu alikuwa ameshawasha mishumaa. Ni mama mfupi wa miwani, profesa, na alimkumbatia dada yangu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Tulikula mkate uliosukwa kama nywele, samaki, na mbilingani. Karibu nami aliketi Mzee Natani, mhandisi, aliyenitazama kwa hamu. Tulizungumza Kiingereza, ila hapa nitawasemesha Kiswahili.

Kabla ya kuitwa kuongea nilikwenda msalani, maana emsii hapandi jukwaani na kibofu kimejaa. Nilipotoka nikakuta swichi nne mlangoni. Sikujua ipi ni ya choo. Nikazima zote.

Nyumba nzima ikaingia giza. Mishumaa miwili tu ndiyo iliyobaki, imefupika, ikimulika mkate na pua za watu. Nikanyoosha mkono kuziwasha tena.

"Usiguse!" Naliaka akaniita kwa Kiswahili. "Ni Sabato. Hakuna kuwasha, hakuna kuzima. Kuja uketi."

Laiti sakafu ingenimeza! Nikapapasa viti hadi changu. Hakuna aliyenilaumu. Kisha Mzee Natani akasema, "Wageni wengine hutuletea maua. Huyu ametuletea giza." Wakacheka wote, na Miriamu akanisihi nianze.

Nikazitoa karatasi zangu, nikazisogeza kwenye mshumaa. Sikuona hata herufi moja. Nikaanza kwa kichwa.

"Waheshimiwa mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa."

"Imezingatiwa na nani?" akauliza Mzee Natani.

Nikaeleza moto unaokokwa uani, watu wanaolala nje, nywele zinazonyolewa siku ya tatu. Kila sentensi ilipata swali. Kwa nini ya tatu? Nani ananyoa? Na asiyetaka? Mwanzoni nilikasirika, nikidhani wananidharau. Kisha nikaona kwamba anayeulizwa zaidi ndiye anayesikilizwa zaidi, nikaanza kufurahi.

Ndipo Mzee Natani akauliza, "Na mtoto aliye mbali, asiyeweza kufika? Mnamkalishaje?"

Nikazipapasa kurasa zangu gizani. Katika karatasi zote kumi na mbili, huyo hakuwemo.

"Kwetu," akaendelea, "hukaa matanga hukohuko aliko, na watu humfuata."

"Kama tulivyomfuata Naliaka," akasema Miriamu taratibu. "Mwajiri alitakiwa kutia sahihi ndipo atoke nchini, na mwajiri alikuwa safarini. Alibaki na tiketi mkononi. Tulikaa naye sakafuni siku saba, kila mmoja kwa zamu yake. Nilimpelekea mayai na dengu. Alitusimulia habari za mama yenu mpaka tukahisi tunamjua."

Sikuwa nimejua. Sikuwa nimeuliza. Niliona aibu ikinishika hadi miguuni. Upande ule wa meza alikokuwa dada yangu sikuona uso, niliona tu mkono wake na kikombe.

"Sisi hatukumkalisha popote," nikasema. "Mimi nilimcheka mbele ya kaburi, na watu wakanisaidia kumcheka." Kisha nikageukia ule mkono, nikaacha Kiingereza. "Naliaka, nilikukosea. Nisamehe."

Hakuna aliyeuliza swali. Kikombe kikawekwa mezani.

"Nimekusikia, kaka," akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Sasa endelea. Waambie vile Mama alikuwa anafukuza kuku wa jirani na mwiko."

Nikawaambia. Mzee Natani akauliza kuku walikuwa wangapi.

Siku nne baadaye Naliaka alinisindikiza uwanjani. Kwenye foleni ya mizigo, swali lililokuwa likinisumbua likanitoka.

"Hiyo sheria ya taa. Wewe si Myahudi. Ungeweza kuwasha?"

"Ningeweza, bora nijiwashie mwenyewe, si kwa ajili yao. Nione kikombe changu."

"Na mimi?"

"Hata wewe."

"Sasa mbona ukanikataza?"

Akaniwekea kola sawa, kama Mama alivyokuwa akifanya. "Ulikuwa na karatasi kumi na mbili mfukoni, kaka. Taa ingewaka, ungezisoma."

Nimerudi Bungoma, na taa bado nazima. Karatasi zile zimo kwenye mfuko wa koti, hazijasomwa na mtu. Wananiita matangani kama zamani, lakini kabla sijashika kipaza sauti nawauliza wafiwa ni nani hakuweza kufika. Wakinitajia jina, naomba namba yake, nampigia kwanza.