Tripu Mbili za Changarawe, Mkula

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni na viatu vya kanisani. Nilikuwa nimeambiwa naenda kuwa karani, na mimi nilijua makarani hukaa kwenye kiti. Hapakuwa na kiti. Fundi Mkuu wa mkandarasi aliyeniajiri hapa Ifakara, mzee mfupi wa Kipogoro aliyesema taratibu na kukasirika haraka, alinipeleka moja kwa moja kwenye nyumba moja iliyokuwa inamaliziwa, akanionyesha uwanja mtupu wa mbele, akaniuliza ni changarawe kiasi gani zitatosha kuufunika. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikajibu kwa kujiamini kabisa: tripu tatu za lori la tipa.

Hakunicheka. Aliagiza tripu tatu kama nilivyosema. Zikamwagwa, zikasambazwa, na bado rundo kubwa likabaki limeziba lango, hata wenye nyumba wakawa wanaingiza baiskeli zao kwa kuzinyanyua begani. Wiki nzima kila aliyepita aliuliza ni nani aliyekadiria, na Fundi Mkuu hakumficha mtu. Mwisho wa wiki akanikabidhi tepu ya kupimia na daftari.

"Jicho lako litazame watu," alisema. "Ardhi inapimwa."

Tangu siku hiyo nimepima ardhi kwa zaidi ya miaka thelathini, na mzee yule namshukuru mpaka leo, ingawa wakati ule nilitamani ahamishwe.

Ninyi vijana mnaobonyeza simu na kupata jibu, nawaeleza jinsi tulivyofanya, kwa sababu simu haijui ulichosahau kuiambia. Changarawe ninazosema ni vile vijiwe vya mtoni, vya mviringo, vyenye ukubwa wa mbaazi, si kokoto za kuponda ambazo zina makali. Unapima urefu wa eneo, unapima upana, unaamua kina, yaani unene wa changarawe zikishatandazwa. Unazidisha vyote vitatu na unapata mita za ujazo, ambazo mafundi wetu huziita kyubiki. Kina cha njia ya miguu ni sentimita tano. Hapo ndipo wengi huanguka, maana huzidisha mita kwa mita kwa sentimita na kupata jibu la kufunika wilaya nzima. Sentimita tano ziandike kwanza kama sifuri nukta sifuri tano za mita, ndipo uzidishe.

Njia ya mita kumi na mbili kwa mita moja na robo, kwa mfano, inakula robo tatu ya mita moja ya ujazo. Ongeza sehemu ya kumi, kwa sababu changarawe hushikana zikikanyagwa na nyingine hupotea kwenye majani. Kwenye udongo wetu mweusi wa mfinyanzi ongeza hata sehemu ya tano, au utandike kwanza viroba vya sandarusi vilivyopasuliwa. Usipofanya hivyo, masika ya kwanza udongo unameza changarawe zako, na mwenye nyumba anadhani umemwibia.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Sanje, kwenye machimbo ya kampuni, kuhesabu magari. Vijiwe vya huko vilikuwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, vimesuguliwa na maji yanayoshuka kutoka milimani. Msimamizi wa Machimbo alikuwa mtu mkimya aliyetembea na fimbo yenye alama za kisu. Gari likijaa, anapanda juu, anasawazisha kile kilima cha katikati, anachomeka fimbo mpaka sakafuni na kusoma kimo. Madereva walimchukia, kwa kuwa kilima kile huonekana kingi lakini kikilala ni makarai machache tu. Aliniambia nisihesabu kitu kinachokaa juu ya ubao wa tipa. Miaka minne chini yake sikumsikia akipaza sauti hata mara moja, wala sikuona gari likitoka pungufu. Nilijifunza kwake kwamba uaminifu ni kazi ya mikono na miguu, unapanda gari na unashuka, unapanda na unashuka, siku nzima.

Nikarudishwa Ifakara, safari hii kama mkadiriaji kamili, mwenye meza na kiti hatimaye. Mkubwa wangu wa tatu, na wa mwisho, aliyekuja miaka mingi baadaye, alikuwa Mhandisi, binti mdogo kwa umri ambaye angeweza kuwa mwanangu. Aliniamkia shikamoo kila asubuhi, kisha akanituma juani bila huruma. Alinifundisha kuchora uwanja wenye kona za ajabu na kuukata kwenye mistatili na pembetatu, nikokotoe kila kipande peke yake na kujumlisha. Nilikuwa nimeshazeeka kazini, lakini nilifurahi kama mtoto wa shule. Ndiye aliyenipa kazi ya Mkula, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nikae niandike haya.

Kijana mmoja aitwaye Deo, aliyekuwa anafanya kazi Dodoma, alitaka kumtengenezea mama yake uwanja. Baba yao alikuwa amefariki, na mama, Bibi Leokadia, aliishi peke yake Mkula katika nyumba ya bati iliyokaa mahali palipoinuka kidogo. Deo alituma picha kwenye simu: uwanja mweupe wa changarawe, maua pembeni, viti viwili. Alitaka hivyo hivyo. Ilikuwa shukrani yake kwa mama aliyemsomesha kwa jembe.

Nilikwenda kupima mwezi wa kumi na moja, jua kali, kabla ya mvua za kupandia. Uwanja ulikuwa mtupu, mgumu, umefagiliwa ukawa laini. Nikamwamkia Bibi, nikamweleza ninachokuja kufanya, nikamwonyesha picha. Aliitazama muda mrefu.

"Ni pazuri," alisema. "Mwanangu amependa?"

Nikamwambia amependa sana. Akasema basi ni sawa, akaenda kunichemshia chai.

Mita kumi na nne kwa tisa. Kwa sentimita tano, hiyo ni mita za ujazo sita na sehemu tatu za kumi. Pamoja na nyongeza ya sehemu ya kumi, saba kasoro kidogo. Tipa letu lilichukua tatu na nusu likiwa limesawazishwa, kwa hiyo tripu mbili. Udongo pale juu ulikuwa umeshindiliwa kwa miaka mingi, haukuhitaji zaidi. Tripu mbili zikaja, zikatandazwa, na hazikubaki wala hazikupungua. Mhandisi alinisifu mbele ya mafundi wote. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, na sina haya kusema hivyo.

Mwezi wa sita uliofuata nilikuwa napita kwenda kupima kazi nyingine nikaamua kuona kama changarawe zimemezwa. Bado sijafika mlangoni nikasikia kinu. Bibi Leokadia, mwanamke aliyekwisha kupita sabini, alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga mpunga kwa mchi, anapumzika, anatwanga tena. Viganja vyake alikuwa amevifunga vitambaa. Mashine ya kukoboa ilikuwa hatua mia tatu kutoka kwake, ninaisikia inanguruma.

Nilimuuliza kwa nini anatwanga. Akasema anapenda mchele wa kinu. Kisha akanikaribisha chakula, wali na perege, na tonge la pili nikauma jiwe. Nililitoa mdomoni nikaliweka kiganjani. Dogo, la mviringo, limesuguliwa na maji. Nilikuwa nimekaa na mawe yale miaka minne Sanje, nisingeweza kulikosea.

Hapo akasema, kwa taabu, akiwa anatazama sahani. Uwanja ule ndio ulikuwa wa kuanikia mpunga. Yeye na jirani zake wanne walianika hapo kila mavuno, kwa sababu ndipo palipoinuka na maji hayakai. Mwaka huu alijaribu kutandika turubai juu ya changarawe. Lakini mpunga unageuzwa kwa miguu, na mguu unaotoka kwenye mawe kuingia kwenye turubai unaingia na mawe. Kuku nao walikuwa wanaparua na kurusha vijiwe ndani. Mwenye mashine alikuta mawe kwenye mpunga wake mara mbili, akakataa kuukoboa, asije akaharibu mashine. Jirani walihamia kuanika kwa mtu mwingine huko bondeni. Hakuna aliyekuja tena uwanjani kwake.

Mimi ni Mndamba, mzaliwa wa bonde hili. Nimefundishwa kutembea juu ya jamvi la mpunga, na nimechapwa kwa kukanyaga mpunga wa bibi yangu na miguu michafu. Niliuona uwanja ule mgumu, laini, ulioinuka, uliofagiliwa, katikati ya bonde la mpunga, na nilichokiona ni mita mia moja ishirini na sita za mraba tu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kazini wala kanisani.

"Kwa nini hukuniambia, mama?" nilimuuliza.

"Ningemwambiaje?" alisema. "Mtoto amenipa zawadi, nimwambie sitaki? Usimwambie, mwanangu. Nitatwanga."

Nilirudi Ifakara nikamweleza Mhandisi kila kitu. Nilitegemea atasema mteja ndiye aliyechagua, na kwa karatasi angekuwa sahihi. Alichukua daftari langu, akapitia hesabu yote mstari kwa mstari, akalifunga.

"Haina kosa hata moja, mama," alisema. "Hukuuliza tu wanapafanyia nini. Na mimi sikukuuliza kama umeuliza."

Akasema tutaondoa kwa gari na vibarua wetu, ila simu kwa mteja nipige mwenyewe.

Nilikaa na simu ile mkononi tangu asubuhi mpaka saa sita. Nilichoogopa si Deo kunigombeza. Niliogopa ataona mama yake amekataa shukrani yake, na mama yule angebaki na uwanja wake lakini amempoteza mtoto kidogo. Kwa hiyo nilimwambia kwamba kosa ni la mkadiriaji, na mkadiriaji ni mimi. Nilimweleza habari za mpunga, mashine, kinu, na vile vitambaa vya mikononi.

Aliniomba nirudie habari ya vitambaa.

"Mbona hakuniambia?" akauliza.

"Kwa sababu ulifurahi, baba," nilimjibu. "Hakutaka kukuharibia."

Alikuja Jumamosi iliyofuata, na gari letu lilipofika tulimkuta ameshaanza. Suruali amekunja, anakusanya changarawe kwa reki, anajaza makarai. Mama yake alikaa kizingitini akimtazama. Mimi nilikuwa nimeshafanya hesabu mpya, ile ambayo ningeifanya mwanzo kama ningeuliza. Zibaki kuzunguka nyumba tu, chini ya michirizi ya bati, upana wa sentimita sitini, ili mvua isirushe tope ukutani. Hapo ni mita moja ya ujazo na ushee. Na njia ya kwenda chooni, urefu wa mita kumi na moja na upana wa mita moja, ambayo masika ilikuwa inamtelezesha. Hapo ni nusu na kidogo. Mita mbili za ujazo zilitosha kabisa, badala ya saba. Zilizobaki tulizipeleka kwenye bomba la maji la kijiji, pale kina mama wanaposimama na ndoo kwenye matope.

Uwanja ulipokwisha kusafishwa, Bibi Leokadia aliinuka, akachukua ufagio wa chelewa, akafagia pote mara mbili. Kisha akapiga magoti na kupitisha kiganja juu ya ardhi, kipande kwa kipande, akitafuta vijiwe. Deo akapiga magoti upande wa pili, akafanya vile vile. Walikutana katikati. Sikusikia walichoambiana, na sikutaka kusikia. Niliondoka nikaenda kuhesabu makarai ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa.

Nilifanya kazi miaka mitano zaidi. Kila nyumba niliyokwenda, tepu ilibaki mfukoni kwanza. Nilikaa, nilikunywa maji, niliuliza hapa mnaanika nini, watoto wanacheza wapi, wageni wa msiba wanakaa wapi, ng'ombe wanapita saa ngapi. Mafundi walinitania kwamba nimekuwa karani wa sensa. Lakini tulirudishiwa kazi chache sana, na Mhandisi aliwataka wakadiriaji wote wapya waanze hivyo, bila kuwasimulia ni kwa nini. Alinifichia aibu yangu, na kwa hilo namshukuru kuliko hata cheti alichonipa siku ya kustaafu.

Sasa nimestaafu. Nina magoti yanayolalamika, bustani ndogo ya mchicha, na watu wanaonipigia simu kuniuliza tripu ngapi. Nimefundishwa na watu wema, na mkate nilioupata kwa tepu ile umenitosha mimi na wanangu. Siku ya kuniaga ofisini, Bibi Leokadia hakuweza kuja, miguu imechoka. Alimtuma Deo na mfuko wa mchele mpya. Deo alisema mpunga wake wameuanika wote pale uwanjani, pamoja na jirani wale wanne waliokwisha kurudi, na mama amesisitiza niupokee mimi mwenyewe.

Kesho yake nilikaa na sinia mapajani nikauchambua, kama tunavyochambua sisi wote wa bonde hili. Nilichambua mfuko mzima, asubuhi hadi adhuhuri, punje kwa punje. Sikupata jiwe hata moja.